Mshahara Uliongezwa, Bado Akaondoka: Kisa cha Ofisi ya Kugomboa Mizigo Dar es Salaam

Katika ofisi za kugomboa mizigo hapa mjini, mwajiri akikwambia "vijana hawakai", mara nyingi anakuwa ameshatoa hukumu: hawana subira, wanapenda pesa, simu zimewaharibu. Kisa ninachokichambua hapa kilianza na hukumu hiyohiyo. Nimekichagua kwa sababu kampuni ilijaribu dawa ambayo karibu kila mwenye ofisi huikimbilia kwanza, yaani nyongeza ya mshahara, na dawa ikagoma mbele ya macho ya kila mtu. Jina la kampuni silitaji, na mambo machache nimeyabadili ili wahusika wasitambulike.

Ofisi iko upande wa Kurasini, karibu na bandari. Ina watu wapatao thelathini, wengi wao hawajafika miaka thelathini. Mwenye kampuni, ambaye wote wanamwita Mzee, aliingia kazi hii enzi za makaratasi, wakati faili lilibebwa mkononi kutoka meza hadi meza. Chini yake yuko meneja wa shughuli, mama wa makamo ambaye vijana wanamwita Madamu. Wanagomboa mizigo ya hapa nchini na ile ya transiti inayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi.

Ndani ya mwaka mmoja na nusu vijana tisa waliacha kazi. Wa kumi ndiye aliyewashtua. Alikuwa binti wa miaka 26, dikleranti wao bora. Dikleranti ndiye anayesoma ankara na hati ya shehena, akaamua bidhaa inaingia kwenye namba gani ya ushuru, kisha akajaza tamko kwenye mfumo wa forodha. Kwa Afrika Mashariki namba hiyo ina tarakimu nane, na tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Ukikosea namba, mteja anaweza kulipa mara mbili ya alichotakiwa, au akalipa pungufu na kupigwa faini baadaye. Wakati mnarekebisha, kontena limekaa, gharama za kulihifadhi zinapanda na demareji, yaani tozo ya kampuni ya meli kwa kukaa na kontena lake, inahesabiwa. Mtu anayeifanya kazi hii bila kubahatisha hapatikani barabarani.

Barua na ile nyongeza

Barua yake ilikuwa na mistari michache. Anaacha kazi kwa sababu binafsi, anatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyomtaka anayelipwa kwa mwezi, anashukuru kwa malezi, na ameambatisha orodha ya mafaili aliyonayo na kila moja limefikia wapi. Mzee alimwita, akafunga mlango, na mshahara wa shilingi 600,000 ukapanda hadi 750,000 palepale. Binti alishukuru, akaomba siku mbili za kufikiri. Aliporudi, jibu lilikuwa lilelile. Na huko alikokuwa anakwenda alikuwa ameahidiwa 700,000.

Mzee, ambaye nilikuwa namshauri, alinieleza habari hiyo kwa uchungu wa kweli. Angeweza kuelewa kama binti angefuata pesa nyingi zaidi. Kuacha 750,000 ukafuata 700,000 kulimfanya aone kwamba amedharauliwa. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nimewalea hawa. Sasa nifanye nini tena?"

Kabla ya kumjibu nilimwomba mhasibu tukae tupige hesabu ya ile nyongeza, kwa sababu katika ofisi nyingi mshahara una sura mbili na kila upande unaona sura yake. Tulitumia viwango vya 2024. Kwa mshahara wa 600,000, asilimia 10 inakwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yaani 60,000. Kinachobaki, 540,000, kinakatwa kodi ya mapato 24,000. Binti alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, kwa hiyo Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000. Anafika nyumbani na 426,000. Kwa upande wa Mzee, juu ya zile 600,000 kuna mchango wa mwajiri NSSF 60,000, tozo ya ufundi stadi asilimia 3.5 ambayo ni 21,000, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi 3,000. Yeye anatoa 684,000.

Sasa weka 750,000. Mzee atatoa 855,000, yaani 171,000 zaidi kila mwezi. Binti atapokea 511,500, ongezeko la 85,500. Nusu kamili ya alichotoa mwajiri. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Sheria za makato ndivyo zilivyo, na mtu aliyemaliza chuo miaka ya karibuni anaingia kazini akiwa na deni ambalo kizazi cha Mzee hakikulijua. Lakini ukitaka kumbakiza kijana kwa pesa peke yake, ujue unanunua kwa bei ambayo yeye haioni.

Nyongeza hiyo ilileta balaa jingine. Mlango wa ofisi ya Mzee ni mwembamba. Kabla wiki haijaisha kila mtu alikuwa anajua kwamba ukiandika barua ya kuacha kazi unaongezewa laki moja na nusu. Vijana wengine wawili wakaandika.

Alichoniambia

Nilizungumza na yule binti baada ya notisi yake kuisha, nje ya ofisi, kwenye kibanda cha mama ntilie karibu na kituo cha daladala. Mtu aliye ndani ya notisi hasemi ukweli wote, maana bado anasubiri mshahara wa mwisho na cheti chake cha utumishi. Alinisalimia shikamoo, akaagiza chai, kisha akasema maneno ambayo niliomba ruhusa ya kuyaandika:

"Dada, nimekaa pale miaka mitatu. Sijawahi kuwa na mteja hata mmoja ninayeweza kusema huyu ni wangu. Mteja akipiga simu, naambiwa nimpe Madamu. Nikikosea nakatwa. Nikipatia, hakuna anayejua kama ni mimi. Sasa nikifika miaka thelathini nitasema najua nini?"

Nikamuuliza kuhusu zile 50,000 alizoziacha mezani. Alijibu kwamba kule anakokwenda amepewa wateja watatu wa kuwahudumia kuanzia hati ya shehena inapoingia hadi mzigo unapofika stoo kwa mwenyewe. Kwake hilo lilikuwa na thamani kuliko tofauti ya mshahara.

Ukisikia hivyo ni rahisi kusema tatizo ni "kutothaminiwa" na kuishia hapo. Mimi sikuridhika, kwa sababu neno hilo halimwambii mwajiri afanye nini Jumatatu asubuhi. Nilitaka kujua ni utaratibu gani ndani ya ofisi uliomfikisha mtu mzuri kiasi hicho mahali pa kutokuwa na kitu chake.

Daftari la makosa

Kwenye droo ya mhasibu kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada jekundu. Kila kosa lilikuwa na bei. Kuchelewa kuwasilisha nyaraka, 20,000. Kiambatisho kisicho sahihi, 10,000. Ikitokea faini ya forodha, iligawanywa kwa wote waliogusa faili. Mwisho wa mwezi jumla ilikatwa kwenye mshahara, na kwenye hati ya malipo iliandikwa "mengineyo".

Nilimtafuta yule binti kwenye daftari. Miezi minane kabla ya barua yake alikatwa 90,000 kwa mkupuo. Kosa lilikuwa namba ya ushuru ya vipuri vya mashine. Yeye alikuwa ameweka namba moja. Madamu, akiwa kwenye simu na mteja, akamwambia kwa mdomo aweke nyingine. Forodha wakaikataa. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Aliona tu "mengineyo" imekua. Kati ya ile 426,000, mwezi huo alibaki na 336,000, na chumba Mbagala kilikuwa kinadai kodi ya miezi mitatu.

Hapa kuna suala la sheria, na nililisema waziwazi kwa Mzee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa namna hiyo. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi na deni limetajwa. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake. Apewe nafasi ya kueleza kwa nini asikatwe. Kinachokatwa kisizidi hasara halisi. Na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Daftari lile halikutimiza hata sharti la kwanza.

Sheria ni jambo zito, lakini kilichonishangaza zaidi ni jinsi daftari lilivyobadili tabia za watu. Kosa likiwa na bei, kijana mwenye akili anafanya mambo mawili: anakwepa kuamua, na akikosea anaficha. Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi mbele ya meza ya Madamu. Saa mbili na nusu walikuwa wamesimama vijana sita, kila mmoja na faili mkononi. Mmoja alitaka kuuliza kama pampu ya maji iende kwenye namba fulani. Jibu alilijua, maana aliponionyesha alikuwa ameshaliandika kwa penseli pembeni ya ankara. Nikamuuliza kwa nini basi asijaze. Akatabasamu, akasema, "Akisema yeye, kosa si langu." Saa nne kasoro bado alikuwa amesimama.

Huo ndio mzunguko wenyewe. Faini inazaa woga, na woga unapeleka kila uamuzi kwa Madamu. Madamu anazidiwa, anajibu kwa mkato, na hana dakika ya kumfundisha mtu. Vijana hawakui, kwa hiyo hawaaminiki kupewa wateja, na asiyepewa mteja haoni kesho yake. Anaondoka. Anayeingia badala yake ni mgeni, anakosea zaidi, daftari linajaa. Mzee alikuwa akiona mwisho wa mzunguko tu, yaani mtu anaandika barua, na ndiyo maana aliona uroho na kukosa subira.

Upande wa Madamu

Ingekuwa rahisi kumtwisha Madamu lawama, na vijana kadhaa walishafanya hivyo. Mimi nilimwona ndiye mfanyakazi aliyeelemewa kuliko wote. Alianza kama kijana wa kupeleka nyaraka, akabeba mafaili miaka sita kabla ya kuruhusiwa kukaa mbele ya kompyuta. Aliwahi kumwamini kijana mmoja na fedha za ushuru za mteja, kijana akatoweka nazo, na Mzee akamwambia mbele ya watu kwamba kosa ni lake. Tangu siku hiyo kila kitu kinapitia kwake. Alipandishwa cheo kwa sababu alikuwa hodari wa kugomboa mizigo. Kuongoza watu hakuna aliyewahi kumfundisha, wala hakuna aliyempunguzia kazi ili apate nafasi ya kuongoza.

Aliniambia, "Sisi tulivumilia." Nilimwelewa. Uvumilivu wao ulikuwa na malipo: enzi zile wajuzi wa forodha walikuwa wachache, na aliyekaa alikuwa na hakika ya kupanda. Kijana wa leo amezungukwa na wenzake waliotoka vyuo kama IFM, CBE na Chuo cha Kodi, wengi wakiwa na cheti kama chake au kuzidi. Miaka sita ya kubeba faili ingemwacha nyuma ya wenzake. Kumwambia asubiri bila kumwonyesha anasubiri nini ni kumtaka aweke rehani ujana wake bila hati.

Kilichobadilishwa

Daftari lilifungwa kwanza. Hapo palikuwa na mvutano, kwa sababu Mzee aliona tunawapa watu ruhusa ya kuzembea. Alichokubali mwishowe ni kwamba kosa la uzembe wa makusudi au wizi litashughulikiwa kwa utaratibu wa nidhamu, kwa barua na kikao cha kumsikiliza mhusika, na makosa ya kawaida ya kazi yatashughulikiwa kwa namna nyingine kabisa. Makato ya nyuma yasiyokuwa na saini yalirudishwa kwa awamu tatu. Mhasibu alifuta lile neno "mengineyo" kwenye hati za malipo.

Badala ya daftari kukawekwa kikao cha Ijumaa saa tisa alasiri. Faili moja lililoleta shida linawekwa mezani, linasomwa mwanzo hadi mwisho, na swali ni kosa liliingilia wapi. Ijumaa ya kwanza ilikuwa kimya kitupu. Watu waliangalia meza. Wiki iliyofuata Madamu, kwa hiari yake, alileta faili la vile vipuri vya mashine. Akasema mbele ya wote kwamba namba ilibadilishwa kwa maagizo yake na kwamba binti aliyekatwa hakustahili. Sikuwa nimemwomba afanye hivyo.

Alipomaliza, kijana mmoja alitoka, akarudi na faili alilokuwa amelificha kwenye droo yake siku kadhaa. Kontena la nyaya za umeme. Cheti cha ubora kilichotolewa huko mzigo ulikotoka kwa ajili ya TBS, shirika la viwango la hapa nchini, kilionyesha idadi tofauti na ankara. Alikuwa ameliona, akaogopa kuambiwa yeye ndiye aliyeomba nyaraka vibaya, akanyamaza. Meli ilikuwa bado haijafunga gati. Madamu alimpigia mteja palepale, cheti kikarekebishwa, na mzigo ukatoka bila kukaa. Mzee alipiga hesabu ya gharama za uhifadhi na demareji ambazo zingeingia, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitetea daftari.

Jambo la pili lilikuwa ngazi za kazi. Zilibandikwa ukutani ili kila mtu azione: kijana wa nyaraka, dikleranti msaidizi, dikleranti mwenye wateja wake. Kila hatua ina mshahara wake, na ina kipimo. Kupanda hadi hatua ya pili, kwa mfano, kijana anapewa mafaili ishirini ya zamani yaliyokwisha kupita forodha, yamefichwa namba. Anaweka namba zake, kisha zinalinganishwa na zilizokubaliwa. Kipimo hiki kilitoka kwa vijana wenyewe na ninakiona bora kuliko fomu za tathmini za mwisho wa mwaka zenye "nidhamu: nzuri sana". Kijana anaweza kujipima mwenyewe kabla ya kwenda kuomba kupimwa, na akishindwa anajua ni wapi.

Aliyefika hatua ya tatu anapewa wateja wadogo wawili. Jina lake linaandikwa kwenye barua pepe ya kwanza kwa mteja. Kabla tamko halijatumwa, mwenzake mmoja analikagua na kuweka saini, kwa hiyo Madamu haoni tena kila karatasi. Anaona mizigo mikubwa na ile yenye utata. Muda uliookolewa ulipangiwa kazi: nusu saa kwa wiki na kila mmoja wa viongozi wadogo wanne, ambao nao wanakaa na watu wao. Mwanzoni Madamu alikuja kwenye vikao hivyo na orodha ya makosa. Tulikubaliana aanze na swali moja tu, "Wiki hii umejifunza nini ambacho hukukijua?", na anyamaze mpaka ajibiwe.

Suala la simu tulilimaliza haraka. Grupu la WhatsApp la ofisi lilikuwa likilia hadi saa tano usiku, na asiyejibu aliulizwa asubuhi. Kijana anayekaa Chanika anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Sheria inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Ikawekwa zamu: usiku anajibu mmoja, analipwa, wengine wanalala.

Mafunzo yalichukua muda mrefu zaidi. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha ugomboaji na usafirishaji wa mizigo ambacho hapa nchini kinafundishwa na Chuo cha Kodi, na kila kijana katika kazi hii anakitamani. Mzee alikuwa tayari kulipa ada, kwa sharti kwamba mtu akae miaka mitatu na akiondoka hata wiki moja kabla arudishe yote. Hakuna aliyesaini. Nilimweleza kwamba mkataba wa namna hiyo unawavutia wasio na pengine pa kwenda na kuwafukuza anaowataka. Walifikia mwafaka wa mwaka mmoja baada ya kupata cheti, na deni linapungua kwa sehemu moja ya kumi na mbili kila mwezi. Watano walisaini wiki hiyohiyo.

Yaliyokwama

Safari ya Bagamoyo ya "kujenga timu", ambayo ilikuwa imepangwa kabla sijafika, ilifanyika. Watu walikula samaki, wakapiga picha, na Jumatatu foleni mbele ya meza ya Madamu ilikuwa ileile. Sina ubaya na safari. Haziwezi kurekebisha utaratibu uliovunjika.

Wale wawili walioandika barua kwa sababu ya nyongeza ya binti walizungumza na Mzee mmoja mmoja. Mmoja alibaki kwa mshahara wa hatua yake kama ulivyobandikwa. Wa pili aliondoka, na nadhani Mzee alifanya vizuri kutomkimbilia na pesa, maana angeendelea kufundisha ofisi nzima kwamba nyongeza inapatikana kwa kutishia.

Kijana mmoja aliyepewa wateja wawili alimpoteza mmoja kwa kutopokea simu. Alirudishwa hatua moja, kwa maandishi, akaambiwa lini atapimwa tena. Mwingine aligundulika akiwatoza wateja fedha ambazo hazimo kwenye ankara ya kampuni. Alisikilizwa, akaachishwa. Vijana wenzake ndio walioleta taarifa. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kuwalea vijana ni kuwalegezea. Ofisi hii leo ina ukali zaidi kuliko mwanzo, tofauti ni kwamba ukali unajulikana unaanzia wapi na unamgusa nani.

Kundi moja halikupona vizuri: wafanyakazi wa umri wa Madamu. Wawili kati yao waliona vijana wanapewa kwa mwezi kile ambacho wao walikisotea miaka. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba hakuna aliyebandika ngazi ukutani kwa ajili yake. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alipewa kazi ya kuwapima vijana kwa yale mafaili ishirini, pamoja na posho yake, lakini kinyongo hakiondoki kwa posho. Mwajiri anayefanya mabadiliko ya namna hii aanze kuzungumza na wakongwe kabla hajabandika chochote.

Walipofika sasa

Katika mwaka uliofuata waliondoka wawili: mmoja kwenda kusoma, mwingine kumfuata mumewe Mwanza. Wote walitoa taarifa mapema na kumfundisha aliyechukua nafasi. Yule binti hakurudi. Mzee alimwandikia barua kueleza kwamba makato yake yamerudishwa kwenye akaunti, na binti alijibu kwa adabu. Tangu hapo ameshawaelekeza kwao wateja wawili wa transiti ambao ofisi yake mpya haikuwa na nafasi ya kuwahudumia. Mfanyakazi akiondoka kwa heshima anabaki kuwa mtu wenu sokoni, na mji wa mizigo ni mdogo.

Tatizo lililobaki ni la kampuni nyingi za ukubwa huu: ngazi ni fupi. Waliosaini kwa ajili ya cheti watafika hatua ya tatu karibu pamoja, na juu ya hapo kuna kiti cha Madamu tu. Pendekezo lililo mezani ni kufungua ofisi ndogo Tunduma, ambako mizigo ya Zambia inavukia, na mmoja wa vijana akaiongoze. Mzee anaipenda hesabu yake, ila moyoni anamfikiria mpwa wake, ambaye ana miezi minne kazini. Nimemshauri nafasi ibandikwe ukutani kama zilivyobandikwa nyingine, mpwa aombe pamoja na wenzake, na apimwe kwa mafaili yaleyale. Bado hajakubali. Amesema atatoa jibu kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza mwezi wa saba, na mkataba wa kwanza wa cheti unaisha Septemba.